Kupanga Mtaala wa Vijana wa Miaka 11 hadi 14: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Arusha na Moshi

Kati ya darasa la tano na kidato cha pili, mtoto wetu hubadilikiwa na karibu kila kitu. Mwili unabadilika. Shule inabadilika: anatoka kwa mwalimu wa darasa anayemjua mpaka jina la bibi yake, anaingia mahali ambapo walimu tisa au kumi hupokezana vipindi na hakuna anayejua kwamba jana hakula. Lugha nayo inabadilika, kwa sababu aliyesoma shule ya msingi ya serikali anakuta sayansi na hisabati alizozijua kwa Kiswahili zimegeuka kuwa za Kiingereza. Yote hayo yanamwangukia ndani ya miaka mitatu minne, halafu tunashangaa mbona aliyekuwa hodari darasa la tano amenyamaza kidato cha kwanza.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mkuu, mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, au walimu watatu tu waliokubaliana kupanga masomo ya rika hilo kwa kulitazama lenyewe. Mtaala wa taifa hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na shule iliyosajiliwa kuufuata inaufuata. Lakini muhtasari unakuambia mwanafunzi awe na umahiri gani. Haukuambii mfano utoke Ngarenaro au utoke kitabuni, wala haukatazi mwalimu wa Sayansi kukaa meza moja na wa Hisabati. Hapo pana nafasi kubwa kuliko tunavyoitumia.

Na wakati wenyewe ndio huu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, sawa na wenzao wa mwisho wa la saba. Kwa hiyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea vikosi viwili kwa pamoja, vyenye umri na maandalizi tofauti. Shule itakayongoja hadi Januari hiyo itakuwa imechelewa. Majirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Namanga, walitenga kabisa ngazi ya kati, darasa la saba hadi la tisa, kuanzia 2023. Sisi hatuna ngazi hiyo kwa sasa, ingawa wazee waliosoma Tanganyika ya miaka ya 1950 wanazikumbuka shule za kati za darasa la tano hadi la nane. Tunaweza kupata faida zake bila kubadilisha jina la shule.

Hatua ya 1: Wajue unaowapangia

Wasichana kwa kawaida hutangulia kupevuka, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana darasa moja la sita huwa na binti aliyemfikia mwalimu kwa urefu na mvulana ambaye sare yake ya darasa la nne bado inamtosha, na wote wawili wanaona aibu.

Usingizi ni jambo tunalolipuuza mno. Wataalamu hupendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kuanzia miaka 13. Wakati wa kubalehe saa ya mwili husogea, usingizi ukachelewa kuja usiku. Sasa mchukue mtoto wa Usa River anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la shule. Kupata saa 9 inabidi awe amelala saa mbili usiku, na nyumba nyingi saa mbili ndiyo kwanza chakula kinapakuliwa. Ukimpangia jaribio la Hisabati kipindi cha kwanza, unapima usingizi wake.

Akili nayo iko njiani. Anaanza kuweza kufikiri juu ya yasiyoonekana: haki, uwezekano, "ingekuwaje kama". Lakini uwezo huo haujatulia; leo anao, kesho anahitaji tena kitu cha kushika mkononi. Na macho ya wenzake yana uzito kuliko ya mwalimu. Kumkemea mbele ya darasa kunamfundisha kitu kimoja tu: asijibu tena.

Wiki ya kwanza ya muhula, wape dodoso la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, bila jina. Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Unatembea dakika ngapi kuja shule? Umekula nini leo? Ni mtu mzima yupi hapa shuleni ungemwambia shida yako? Ni swali gani, kuhusu dunia au kuhusu wewe mwenyewe, ambalo hujapata wa kumwuliza? Soma kwanza majibu ya maswali mawili ya mwisho. Kama sehemu ya mtu mzima iko tupu kwenye karatasi nyingi, umeshajua kazi ya kwanza ya mpango wako.

Hatua ya 2: Toa mihtasari kabatini, itandaze ukutani

Chagua mchana mmoja, walimu wote wa darasa hilo wawepo. Kila mmoja aandike kila umahiri mahususi wa somo lake kwenye kipande cha karatasi, kila somo na rangi yake, mvibandike ukutani. Halafu anzeni kuvihamisha: vinavyofanana vikae pamoja.

Mtagundua jambo. Kuchora na kusoma grafu kuko Hisabati, kuko Jiografia na kuko Sayansi, na walimu watatu wamekuwa wakifundisha katika miezi tofauti, kila mmoja akilalamika kwamba watoto hawajui grafu. Kuandika ripoti ni hivyo hivyo. Mafungu kama manne au matano yatajitokeza yenyewe.

Vitakavyobaki peke yake viacheni peke yake. Sarufi fulani, mafumbo ya aljebra, mazoezi ya kanuni: hayo yanafundishwa vizuri zaidi katika kipindi chake cha kawaida. Mwalimu anayelazimisha kila mada iingie kwenye fungu huishia na masomo yasiyoeleweka, na walimu wenzake hukata tamaa mapema.

Hatua ya 3: Kwa kila fungu, swali moja kubwa

Maswali manne yanatosha kwa mwaka, moja kwa kila nusu muhula. Swali zuri kwa rika hili lina sifa tatu. Linawagusa wao au nyumba zao. Jibu lake halipatikani kwa kufungua ukurasa mmoja wa kitabu. Na linawapa kitu cha kupima, kuhesabu au kuuliza watu.

Kwa Moshi, ningeanza na hili: barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiisha, nani atakosa nini? Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Karibu kila mtoto atajibu kwamba mito itakauka. Waache waseme, kisha wafuatilie maji ya mfongo (mfereji wa asili) wa kijijini kwao yanatoka wapi. Watakuta kwamba sehemu kubwa mno ya maji ya mlimani hutokana na mvua na msitu, na mchango wa barafu ni mdogo. Mtoto wa miaka 13 aliyegundua kwa ushahidi kwamba jambo linalosemwa na kila mtu halisimami hivyo, hawezi kulisahau. Na hapo hapo anaelewa kwa nini msitu unaokatwa ni habari nzito kuliko picha ya kilele cheupe.

Kidato cha pili wanaweza kuchukua swali la nani anaamua kwamba mtu amekuwa mkubwa. Kuna jando na mila za ukoo, na likizo ya Desemba wengi wao wanazipitia. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kuna Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2019 iliyokubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Swali hili linahitaji mwalimu mtulivu, na wazazi waambiwe mapema.

Bei ya nyanya soko la Kilombero, kwa nini inapanda na kushuka, ni swali jepesi kuliendesha na linafaa kuanzia kwa walimu wanaojaribu mara ya kwanza.

Hatua ya 4: Anza na mwisho, kisha shuka mpaka wiki ya kwanza

Nitaeleza fungu moja kwa urefu ili uone namna ya kulijenga. Swali: kwa nini watu wengi wa pande za Mlima Meru wana meno ya kahawia, na tufanye nini kwa wadogo zetu?

Nalipenda swali hili kwa sababu liko midomoni mwao. Wako watoto wanaocheka wameziba mdomo kwa kiganja. Wako waliodhani ni uchafu, wakasugua mpaka fizi zikatoka damu. Kabla ya lolote, wanastahili kuambiwa kwamba hawakukosea kitu.

Kabla ya kuandika azimio la kazi, walimu waamue kitakachoonekana mwishoni. Kwa mfano: wiki ya saba, kila kikundi cha watano kiwaeleze wazazi, kwa Kiswahili, maji ya mtaa mmoja yana hali gani na familia yenye mtoto mchanga ifanye nini, na kila mwanafunzi peke yake aandike ukurasa mmoja wenye jedwali na grafu kwa Kiingereza. Hayo mawili yakishaandikwa, kila kipindi kinapimwa kwa swali moja: kinawasogeza huko au hakiwasogezi?

Wiki mbili za kwanza ni za kukusanya. Kila mwanafunzi anakuja na chupa safi ya maji ya nyumbani, imeandikwa mtaa na aina ya chanzo: bomba, kisima, mto, mvua. Wanamhoji mtu mzima mmoja nyumbani: mlikuwa mkichota wapi zamani, mnapika makande kwa magadi au bila magadi? Swali la magadi lisisahaulike, kwa sababu magadi ya ukanda wetu yanaweza kuwa na floraidi nyingi, madini yaleyale yanayotia meno rangi ya kahawia, na nyumba nyingi huyatumia kulainishia maharage bila kujua. Mwalimu wa Kiswahili ndiye anayeongoza mahojiano na uandishi wake.

Wiki ya tatu, Jiografia na Sayansi wanaeleza. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi. Maji yanayopita humo huyayeyusha na kushuka nayo. Ndiyo maana mto wa Maji ya Chai na vyanzo vingi vya mashariki ya mlima vinajulikana kwa tatizo hili, na maziwa ya Momela yana kiwango cha juu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa weka mkazo: jino la kudumu huharibika likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, takriban mpaka miaka minane. Mwanafunzi wa miaka 12 anaelewa ghafla kwamba yake yameshapita, lakini ya mdogo wake wa miaka miwili yanaweza kuokolewa. Darasa hunyamaza kwanza, halafu maswali huja mengi kuliko kipindi. Usiwakatize.

Vipimo vya floraidi havifanyiki kwa vifaa vya shule nyingi. Wasiliana mapema na maabara ya ubora wa maji ya serikali au kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, upeleke sampuli chache zilizochaguliwa na darasa. Kuchagua zipi ziende ni somo zuri la Hisabati: kama tuna nafasi ya sampuli sita kwa mitaa kumi na minne, tuchague vipi ili tusijidanganye?

Wiki ya nne na ya tano ni ya Hisabati na majaribio. Wastani, grafu, uwiano. Mpe kila mmoja swali hili: ndoo moja ya maji ya kisima ina miligramu 4.5 kwa lita. Uchanganye na ndoo ngapi za maji ya mvua, tukichukulia hayana floraidi, ili ufikie 1.5? Jibu ni ndoo mbili, na anayelipata amefanya uwiano kwa kitu anachokibeba kichwani kila jioni. Kisha wajadili: kuchemsha kunasaidia? Wengi watasema ndiyo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza. Mkaa huo hutengenezwa kwa kuchoma mifupa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, na watoto watauliza ni mifupa ya mnyama gani. Ni ya ng'ombe; wajibu wazi, swali lao ni la dini na lina heshima yake. Usijaribu kuchoma mifupa shuleni. Omba mkaa uliokwisha kutengenezwa.

Wiki mbili za mwisho ni za kuandaa na kuwasilisha. Waliokuwa wakiziba mdomo, usiwalazimishe kusimama mbele. Wape grafu au majadiliano na mzazi mmoja mmoja. Baadhi yao watasimama wenyewe.

Hatua ya 5: Jenga daraja la lugha

Kwa kidato cha kwanza hii ndiyo sehemu inayoamua kila kitu. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: dhana mpya ianze kwa Kiswahili, waijadili wawili wawili mpaka waielewe, ndipo maneno sita hadi nane ya Kiingereza yabandikwe ukutani kando ya ya Kiswahili, kama vile wastani, uwiano, kuyeyusha, chanzo, kisha wasome aya fupi ya Kiingereza kuhusu jambo ambalo tayari wanalijua, mwisho waandike kwa kukamilisha vianzio vya sentensi ambavyo mwalimu ameviandika ubaoni. Vianzio hivyo vipungue mwezi hadi mwezi, na kufikia muhula wa pili wawe wanaandika bila msaada kwa yale ya kawaida.

Usimcheke anayekosea, na usiruhusu darasa limcheke. Kibao cha shingoni cha "nimeongea Kiswahili" kiondolewe kama bado kipo. Lugha haifundishwi kwa aibu, hasa katika umri ambao aibu ndiyo adhabu kubwa kuliko zote. Shule za mchepuo wa Kiingereza nazo zina deni lake: watoto wao wahojiane na wazee kwa Kiswahili kizuri, wakiandike vizuri.

Hatua ya 6: Walimu wachache kwa watoto walewale, na ratiba inayowaruhusu

Wapangeni walimu wanne, kwa mfano wa Kiswahili, Sayansi, Hisabati na Jiografia, wafundishe mikondo miwili ileile. Wakutane saa moja kila wiki, siku isiyobadilika, na ajenda mbili tu: fungu linaendaje, na mtoto gani amebadilika. Omba mwalimu wa taaluma awape vipindi pacha, yaani dakika 40 mara mbili, angalau mara tatu kwa wiki. Bila vipindi pacha hakuna jaribio litakaloisha.

Kila mwanafunzi awe kwenye kikundi cha malezi chenye mtu mzima mmoja, dakika 15 au 20 mwanzoni mwa siku. Najua mikondo yetu ya serikali inaweza kuwa na watoto 80 na zaidi. Gaweni kwa njia wanazotembea: wa Unga Ltd pamoja, wa Daraja Mbili pamoja, wa Sakina pamoja. Njiani wanatembea pamoja tayari, kwa hiyo asipofika mmoja mtajua asubuhi hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Mwili uwe kwenye mpango

Hedhi ya kwanza kwa wengi huja kati ya miaka 10 na 15. Kwa hiyo somo la kubalehe linapaswa kuwa limefika kabla darasa la tano halijaisha, kwa wasichana na wavulana, baadhi ya vipindi pamoja na vingine mbalimbali. Choo cha wasichana kiwe na maji, komeo la ndani na ndoo yenye mfuniko, na taulo za kike ziwe kwa mtu mzima ambaye haulizi maswali mengi. Waraka wa elimu wa 2021 unamruhusu binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi shule. Mpango wako useme nani atampokea na ataanzia fungu gani.

Chakula kiwe cha mapema. Rika hili linakua kwa kasi na njaa ya saa nne ni ya kweli. Uji kabla ya vipindi pacha hufanya kazi kuliko onyo lolote la utulivu.

Hatua ya 8: Upimaji, na wazazi

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili uko pale pale, na watoto lazima wazoee namna yake ya kuuliza. Tenga wiki za mazoezi hayo mwishoni mwa kila fungu. Lakini alama za kila siku zitokane na kazi inayoonekana: daftari la vipimo, grafu, maelezo ya mdomo, ukurasa wa kuandika. Mpe kila mmoja nafasi ya kurekebisha kazi mara moja kabla haijapewa alama.

Orodha ya nafasi za darasani ishuke ukutani. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora Januari 2023, na shule haina sababu ya kuendelea kuwapanga watoto wa miaka 12 hadharani.

Kwenye kikao, mzazi atasimama aseme: "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome, mbona anatumwa sokoni kuuliza bei?" Ana haki ya kuuliza. Mwonyesheni jedwali la ukurasa mmoja: safu ya kwanza shughuli, ya pili umahiri wa muhtasari unaotimizwa, ya tatu somo, ya nne wiki. Jedwali hilo hilo ndilo mdhibiti ubora wa shule atakalotaka kuliona pamoja na maazimio ya kazi, kwa hiyo liandaliwe mapema na linakiliwe.

Hatua ya 9: Jaribu fungu moja, darasa moja

Msianze na shule nzima. Chukueni darasa moja na fungu moja, nusu muhula. Mwishoni wapeni wanafunzi maswali matatu bila jina: ni siku gani ulijifunza kweli, ni siku gani ulichoka, na nini tukiondoe. Walimu wajibu yaleyale. Majibu, jedwali, nakala tatu za kazi za wanafunzi (nzuri, ya kati, na ya aliyehangaika) na orodha ya watu wa nje waliosaidia viwekwe kwenye faili moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Mwalimu atakayehamishiwa kwenu Januari alikute faili hilo mezani kabla hajapewa ratiba yake.